Jinsi nilivyookoa waya za TV na intaneti kabla ya plasta

Nyumba yetu ya Ujiji ilikuwa bado haijapigwa plasta nilipogundua fundi amepitisha waya wa dishi na wa umeme kwenye paipu moja. Ni hatari, na umeme huweza kuvuruga mawimbi. Nikamwomba tuchimbe mifereji mipya ukutani, sentimita 30 kutoka kwenye umeme. Panapolazimu kupishana, waya zikatane kama msalaba, zisilale sambamba. Kila chumba kikapata kebo yake ya Cat6, yaani waya wa intaneti, kutoka kwenye boksi la stoo. Kebo hiyo hufanya kazi vizuri hadi urefu wa mita 100, nyumba yetu haina hata robo yake. Ndani ya kila paipu tuliacha kamba ya kuvutia waya mwingine baadaye. Kisha nikapiga picha kila ukuta, futi kamba ikionekana, ili nijue waya zilipo baada ya plasta.