Gitaa limepata mwenyewe

Jamani, leo nimeuza lile gitaa langu kavu, lisilotumia umeme. Wiki mbili tangu niweke picha mtandaoni, meseji zilikuwa zilezile: "Bei ya mwisho?" Mwingine alitaka tubadilishane na spika. Nikakataa.

Juzi kijana wa Ukerewe akaniuliza: "Kaka, shingo imenyooka?" Nikajua huyu anajua. Gitaa la nyuzi za nailoni ukilifunga za chuma, zinavuta mno, shingo inapinda au daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi pale chini, linabanduka, na kwenye picha huoni kitu. Nikamwambia hela asitume, aje alishike kwanza.

Leo kapanda meli pale Nansio, huko Ukerewe, tukakutana karibu na bandari hapa Mwanza. Hakuanza kupiga. Alifumba jicho moja, akaichungulia shingo toka juu hadi chini kama seremala anavyokagua ubao. Ndipo akakaa juu ya begi lake, akakaza nyuzi, akapiga taratibu. Miaka minne nimekaa nalo, sijawahi kulisikia likilia vile! Nikampunguzia elfu kumi ya nauli, na mfuko wa gitaa nikampa bure. Jumapili linapigwa kwenye kwaya yao.