Siku moja maishani mwangu: vane za kufunga maji bafuni, Bukavu

Saa 1 asubuhi. Mimi ni fundi wa mabomba, na kabla ya kununua chochote naangalia nyumba imekaa wapi mlimani. Kila mita 10 za kushuka huongeza presha karibu bar 1, kwa hiyo nyumba za chini karibu na ziwa hupata maji ya nguvu, na za juu, mtaa wa Kadutu, hupata kidogo. Nyumba ya leo inategemea tangi lililo mita 3 juu ya bomba la kuogea: bar 0.3 tu. Hapo vane yoyote inayobana njia ya maji ni hasara.

Saa 2 na nusu, dukani. Vane ya gurudumu, ile yenye kabari inayoshuka, ndiyo wengi huomba kwa mazoea. Siitaki bafuni. Maji ya Regideso (shirika la maji) yakikatika na kurudi huja na mchanga. Unakaa chini ya kabari, na siku ya dharura vane haifungi. Ukilazimisha, mti wake (fimbo inayoshusha kabari) unakatika. Vane ya raba hufunga vizuri, lakini maji hupinda ndani yake na presha inapotea. Nachukua ya robo mzunguko, yenye tufe lililotobolewa.

Nayo ina za kudanganya. Nachungulia ndani ikiwa wazi: tundu la tufe liwe na upana sawa na tundu la bomba. Kisha napitisha sumaku kwenye mwili na kwenye tufe lenyewe (mkono usiuhesabu, huo mara nyingi ni chuma). Sumaku ikinata kwenye tufe, hilo ni chuma lililopakwa kromu. Kutu itaikwaruza pete nyeupe ya ndani na vane itaanza kupitisha. Shaba ya njano hainati, na ni nzito mkononi.

Ninayobeba: vane moja ya inchi 3/4 ya bafu zima, moja ya nusu inchi ya tangi la maji ya moto, na robine tatu za pembe (vane ndogo za kufunga maji ya kifaa kimoja): mbili za lavabo (sinki la kunawia), moja ya choo. Naongeza rakori (kiungo) ya kufungulika baada ya vane kubwa, ili siku ikiharibika itoke bila kukata bomba.

Saa 4. Kuchomelea mabomba ya plastiki ya PPR, mashine nyuzi 260. Bomba la milimita 20 sekunde 5, la 25 sekunde 7, kisha unaingiza moja kwa moja bila kuzungusha. Ukisukuma kupita alama, plastiki iliyoyeyuka inafunga tundu, na lawama inaiangukia vane isiyo na kosa.

Saa 6 mchana. Tefloni (utepe wa kuziba nyuzi za kiungo) inazungushwa kufuata upande wa kukaza, mizunguko 12 hivi kama ni nyembamba. Spana moja inashika pembe sita za vane zilizo upande wa bomba, nyingine inakaza. Ukishika upande wa mbali, mwili unaweza kufunguka katikati.

Saa 8. Kwenye tangi la maji ya moto sibembelezi mtu. Kifaa cha usalama, kinachoachia maji presha ikifika bar 7, kinafungwa kwenye mlango wa maji baridi, na vane ya kufunga inakaa kabla yake, kamwe si kati yake na tangi. Maji yakipata moto huvimba. Yakikosa pa kutokea, tangi linaweza kupasuka.

Saa 10 jioni. Kabla ya kuunganisha mabomba laini nafungua maji yatoe mchanga na vipande vya plastiki. Kisha nafunga robine za pembe, nafungua vane kubwa polepole, na kupitisha karatasi kavu kila kiungo. Mwisho nafunga vane kubwa na kufungua lavabo: baada ya maji yaliyobaki kuisha, lisidondoke hata tone.

“Papa fundi, naweza kuiacha vane nusu wazi?” anauliza mama mwenye nyumba. Hapana, mama: iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa, maana maji yanayopita kwa nguvu kwenye ufa mdogo hula pete. Na kila miezi mitatu uizungushe mara moja, isigande.