Bushi za Difu na Kipumulio Kilichoziba

Kila nilipotoa gia ya mbele na kuweka ya nyuma, vani yangu iligonga mara moja kwa sauti nzito chini ya sakafu. Nilishuku kwanza viungo vya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, navyo nikavikuta vizima. Nilipopenyeza mtaimbo kati ya difu, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, na fremu nikaukandamiza kidogo, difu nzima iliinuka kana kwamba haikufungwa popote.

Katika gari ambalo difu yake imeshikwa na fremu, magurudumu yanapopewa nguvu ya kwenda mbele pua ya difu, upande inapoingia propela, hutaka kuinuka, na gari linaporudi nyuma hutaka kuzama. Bushi, yaani vishikizo vya mpira kati ya difu na fremu, ndizo zinazomeza msukosuko huo. Zangu zilikuwa zimelainika na kuvimba kwa oili.

Nililiegemeza gari juu ya stendi, nikazuia magurudumu ya mbele, nikatia alama kwenye flanji ya propela ili irudi ilivyokuwa, kisha nikaibeba difu kwa jeki kabla ya kulegeza bolti hata moja. Kutoa bushi ndiko kulikokula siku. Mpira ulitoka kwa urahisi, lakini gamba lake la chuma lilikuwa limeshikana na tundu kwa kutu, nikalazimika kulikata polepole kwa msumeno wa chuma, nikiogopa kuchora ukuta wa tundu lenyewe. Nyundo sikuitumia, na sijutii. Bushi mpya zina mianya ndani ya mpira, na mianya hiyo ina upande wake, kwa hiyo kabla ya kutoa za zamani nilikuwa nimeweka alama ya mwelekeo. Nilizivuta ndani kwa bolti ndefu na washa nene, nikisukuma gamba la nje peke yake. Bolti zote nilizianza kwa mkono, ndipo nikazikaza kwa spana ya kipimo.

Hata hivyo, swali la oili lilibaki. Sili ya pinioni, mpira unaozuia oili pale propela inapoungana na difu, ilikuwa ikivuja, na niliposafisha kipumulio kilicho juu ya difu nikakikuta kimeziba kwa tope gumu. Difu ikipata joto, hewa ya ndani hutanuka, na isipopata pa kutokea husukuma oili kupitia sili. Nilizibua kipumulio, nikabadilisha sili, nikajaza oili hadi usawa wa tundu la kujazia. Mlio umekwisha, na chini ya difu pamebaki pakavu.