Picha za Zamani na Usiku wa Asafu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu la juma hili ni Zaburi ya 77, na ninaomba kila mmoja aisome yote, aya zake 20, kabla ya kuendelea. Ikiwezekana isomeni usiku, kwa sababu ni zaburi ya mtu aliyekosa usingizi. Asafu, mtunzi wake, amenyosha mkono wake usiku kucha, nafsi yake imekataa kufarijiwa, na anamwambia Mungu waziwazi kwamba ni Yeye anayeyazuia macho yake yasifumbe. Hapo ndipo, katika aya ya 5, anaposema kwamba amezifikiri siku za kale, miaka ya zamani zile.

Aliyewahi kulazwa muda mrefu anaielewa aya hiyo bila kufundishwa. Siku za mwanzo hospitalini zina pilikapilika: vipimo, majibu, raundi ya madaktari, ndugu wanaoingia na kutoka. Baadaye mambo hutulia. Wageni hupungua, wala si kwa ubaya, watu wana kazi na watoto. Sindano zinaendelea saa zilezile, nesi anapita alfajiri kupima presha na joto, na akili ikikosa jambo la mbele la kushika inarudi nyuma. Binti yangu aliniletea bahasha ya picha za zamani, nyingine nikawa nazitazama kwenye simu kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa na kanula. Nataka tuzungumze juu ya saa hizo. Wagonjwa tunawaombea uponyaji, na ni vyema tuendelee kuomba, ila ni mara chache tunawasaidia kujua wafanye nini na kumbukumbu zao.

Kwanza, tukubali kwamba picha zinaweza kumuumiza mgonjwa. Picha tunapiga siku ya harusi, siku ya ubatizo, siku ya mahafali, siku kwaya imevaa sare mpya. Hakuna anayemwita mpiga picha siku kodi imekosekana, au siku mimba imeharibika, au usiku ule mlipokaa mezani bila mtu kufungua kinywa. Kwa hiyo aliye kitandani, akifungua albamu, anailinganisha siku yake ngumu na siku zake njema peke yake. Ndivyo walivyofanya wana wa Israeli kule jangwani, Hesabu 11:5. Walikumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu, wakavitaja kimoja kimoja. Mjeledi wa msimamizi hawakuutaja. Na Mhubiri 7:10 anatuonya tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa njema kuliko hizi, kwa kuwa swali hilo halitoki katika hekima.

Lakini naomba tusilichukue andiko hilo tukampiga nalo mgonjwa. Tunaye Ayubu. Sura nzima ya 29 ni Ayubu akipitia maisha yake ya zamani: taa ya Mungu ilivyomwangazia kichwani, watoto wake walivyomzunguka, vijana walivyompisha alipotoka kwenda langoni na wazee walivyosimama. Kisha sura ya 30 inaanza na "Lakini sasa", na kilio kinafuata. Wengi wetu tungekuwa pale tungemkatiza tukamwambia, "Ayubu, shukuru tu, wapo walio na hali mbaya zaidi." Mungu hakumkatiza. Hata katika 42:7 Bwana anawaambia wale rafiki kwamba Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa juu yake, si wao. Mgonjwa akishika picha yake ya ujana akalia, mwache alie. Wewe kaa naye tu.

Na wala tusidhani kwamba kurudia ya zamani ni kupotewa na akili. Zamani hata matabibu wengi waliwaona wazee wanaosimulia ya kale kama watu ambao akili zimeanza kuchoka. Mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba mtu anapouona mwisho wa maisha u karibu, ni kawaida ayapitie upya yale aliyoishi, hasa yale ambayo hayajakaa sawa moyoni, na kwamba kuyapitia huko kunaweza kumletea amani au kumletea majonzi. Asafu alishayapitia yote mawili katika zaburi moja.

Tazameni inavyokwenda. Kuanzia aya ya 7 hadi ya 9 anamwuliza Mungu maswali sita mfululizo. Je, Bwana atatutupa milele? Rehema zake zimekoma? Amesahau fadhili zake? Maswali mazito, na Biblia imeyaacha palepale bila kuyalainisha. Halafu aya ya 11 anasema atayakumbuka matendo ya Bwana. Hali yake haijabadilika hata kidogo: usiku ni uleule na yaliyopita ni yaleyale. Kilichogeuka ni swali analoyauliza yaliyopita. Mwanzoni alikuwa akitafuta wimbo wake, siku zake, raha yake ya zamani, na kila alipoipata ilizidi kumuuma kwa sababu haipo tena. Sasa anatafuta alichokifanya Mungu katika siku zile. Na alichokifanya Mungu hakipiti pamoja na miaka.

Hili mimi nililielewa kwa picha moja kutoka kwenye ile bahasha. Baba yangu ndiye aliyekuwa na kamera, kwa hiyo katika picha zetu za utotoni karibu zote yeye hayumo. Tumo sisi, yumo mama, wamo majirani. Katika hii tumesimama watoto kwa mstari, jua linatupiga usoni, sote tumekunja macho, mdogo wetu wa mwisho ameweka mkono juu ya paji la uso. Miguuni petu, juu ya mchanga, kuna kivuli kirefu cha mtu, viwiko vimeinuliwa pande mbili. Ni baba, ameshika kamera, jua likiwa mgongoni kwake. Nilikuwa nimeiona picha hiyo maisha yangu yote na sikuwahi kukitazama kivuli. Nilikitazama nikiwa kitandani, usiku, wenzangu wodini wamelala, nikarudi kwenye Zaburi 77 aya ya 19: njia ya Mungu ilikuwa katika bahari, mapito yake katika maji makuu, na nyayo zake hazikujulikana. Israeli walivuka. Waliyaona maji, waliona nchi kavu, waliona migongo ya waliowatangulia. Aliyewavusha hawakuziona nyayo zake, lakini kila kilichoonekana siku ile kilionekana kwa sababu Yeye alikuwepo.

Tangu usiku huo nilizipitia zile picha upya, moja moja, nikiuliza hilo tu. Siku hii ya mahafali, ada ilitoka wapi? Huyu mtoto aliyebebwa hapa, ile homa iliyotangulia juma moja, nani aliishusha? Nikajikuta naomba bila kupanga kuomba. Tena nikaanza kukumbuka siku ambazo hazina picha, zile ngumu, na humo ndimo nilimokuta mengi zaidi.

Kuna kundi lingine la picha lazima tuliseme. Ni zile zenye nyuso tusizoweza kuzitazama kwa urahisi. Waliolala katika Bwana ni rahisi kidogo, hata kama machozi yanatoka, maana 1 Wathesalonike 4:13 inatupa ruhusa ya kuhuzunika, ila si kama wasio na matumaini. Wagumu ni walio hai. Mama mmoja tuliyekuwa naye wodini alikuwa na picha iliyokatwa kwa mkasi, upande mmoja hakuna mtu, umebaki mkono tu juu ya bega lake. Hakuniambia ni wa nani na sikumwuliza. Aliniambia tu kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiutazama ule mkono kwa hasira, na kwamba sasa, kila anapoiona picha, analitaja jina la mwenye mkono mbele za Mungu na kumwombea mema. "Siku nyingine nalitaja kwa shida," alisema, "lakini nalitaja." Mimi nasadiki kwamba mbinguni sala ile ilihesabiwa, ijapokuwa haikuwa na maneno mengi. Kama unayo picha ya namna hiyo, usijilazimishe kumaliza yote kwa siku moja. Anza na jina.

Sasa neno kwa wanaokwenda kuwaona wagonjwa. Katika Yoshua 4, Bwana aliagiza mawe 12 yatolewe katikati ya Yordani, mahali miguu ya makuhani iliposimama, ili watoto watakapouliza baadaye maana ya mawe hayo waambiwe jinsi maji yalivyotindika. Mawe yale yalikuwa yakimngoja mtoto aulize. Basi nendeni mkaulize. Chukua picha mkononi mwa mgonjwa, uliza: huyu ni nani? Mlikuwa mnatoka wapi? Ikawaje baadaye? Kisha nyamaza usikilize hata kama hadithi umeshaisikia. Usiseme, "Kumbe ulikuwa umenawiri hivi!" Najua husemi kwa nia mbaya, lakini kwa aliyekonda neno hilo ni zito, naye analibeba hadi usiku. Na jambo lingine, niliseme kwa upendo: tusimpige mgonjwa picha akiwa na mipira puani tukaisambaza kwenye simu za watu eti tuombeane, bila yeye kukubali. Maombi hayahitaji picha hiyo. Hesabu kwamba siku moja naye ataiona.

Wapo pia wasioweza kushika picha wala kusimulia. Hezekia alipougua hata kufa, Isaya 38, hakuwa mzee. Alianza kutawala akiwa na miaka 25 na akatawala miaka 29, naye baada ya ugonjwa ule aliongezewa miaka 15, kwa hiyo alikuwa na miaka kama 39 hivi. Aligeuza uso wake ukutani. Pale ukutani hapakuwa na cha kumkumbusha lolote, akamwomba Mungu ndiye akumbuke jinsi alivyokwenda mbele zake. Aliye na nguvu ya kugeuza uso tu, hiyo inatosha kuwa sala.

Na je, ambaye ugonjwa wenyewe umemla kumbukumbu? Mama anayeonyeshwa picha ya harusi yake akauliza hawa ni akina nani? Mume anayeitwa kwa jina la kaka aliyefariki zamani? Nyinyi mnaowauguza watu wa namna hii, najua mnavyochoka, na najua maumivu ya kusahauliwa na mtu uliyemlisha asubuhi hiyohiyo. Kwa ajili yenu nimeweka Isaya 49:15 na 16. Sayuni alikuwa amelia kwamba Bwana amemsahau. Jibu la Mungu ni kwamba hata mama aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, lakini Yeye hatamsahau, kwa kuwa amemchora katika vitanga vya mikono yake. Mama yako akilipoteza jina lako, jina lako na lake bado yapo yalipochorwa. Mshike mkono, mwambie jina lako tena kesho asubuhi, bila kumhoji.

Neno la mwisho juu ya zaburi yetu. Inakatika ghafla. Aya ya 20 inasema Mungu aliwaongoza watu wake kama kundi kwa mkono wa Musa na Haruni, basi, imekwisha. Hatuambiwi kama Asafu alipata usingizi usiku ule, wala kama taabu yake iliondoka. Ninawasihi msimmalizie. Wapo kati yetu ambao juma hili bado wako katikati ya zaburi hiyo, wengine wanasubiri upasuaji, wengine wanasubiri majibu. Tuwaombee pamoja jioni hii, kila mtu alipo:

Ee Bwana, uliyekuwepo siku zile tusizoziona nyayo zako, kaa na walio macho usiku huu. Uwapumzishe wanaowauguza. Kila uso watakaoutazama katika picha zao, ukumbuke wewe jina lake na mahitaji yake, hata kama wao wamelisahau. Na wale ambao picha zao ziliungua au zilipotea, wasimulie wewe waliyopita nayo. Kwa jina la Yesu. Amina.