Bomba letu liko kwenye ramani

Jumamosi nzima tumezunguka Nakivale, makazi ya wakimbizi hapa Uganda, kwa miguu, vijana sita na simu nne, tukiingiza visima na mabomba ya maji kwenye OpenStreetMap. Ni ramani inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004, na yeyote anaweza kuongeza alichokiona kwa macho yake. Asubuhi unapakua ramani ya eneo lako kwenye simu. Baada ya hapo hata bando likiisha, simu inajua uliposimama kwa setilaiti. Unaandika kama maji yanatoka, jioni ukipata mtandao unatuma.

Kwenye bomba la nne mama mmoja aliyepanga madumu akaniuliza, "Mwanangu, na hili letu lililokauka mtaliandika?"

"Ndiyo mama, tutaandika kwamba halitoi maji."

Akanishika mkono, akatupeleka mwenyewe hadi kisima kingine nyuma ya kanisa. Kati yetu sote hakuna aliyekijua, na mimi naishi hapa miaka saba!

Nimefungua ramani sasa hivi. Yote kumi na moja yapo, hata lile kavu. Jumamosi ijayo tunaanza upande wa ziwa, mwenye simu aje.