Bia yangu ya kwanza ya kuanzia kwenye punje

Hatimaye nimetengeneza bia kuanzia kwenye punje za kimea zenyewe, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Kabla ya hapo nilikuwa natumia rojo la kimea la kopo: unalikoroga kwenye maji, unachemsha na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), unapoza, unatia hamira, basi. Bia inatoka, na zipo zilizotoka nzuri sana. Lakini kila nilipofungua kopo nilijua kwamba kazi kubwa imeshafanyika kiwandani. Wanga wa shayiri ulikuwa umeshageuka sukari kabla mimi sijawasha moto. Nilitamani kuiona kazi hiyo ikifanyika mbele ya macho yangu, ndani ya sufuria yangu.

Vitu nilivyotumia ni vichache, tena makusudi. Kilo 4.5 za kimea cheupe cha shayiri, gramu 300 za kimea cha karameli kwa ajili ya rangi, hopsi aina ya East Kent Goldings na pakiti ya hamira kavu ya ale, aina ya bia inayochachuka bila kuhitaji baridi kali. Shabaha ilikuwa lita 20 za bia. Kwa anayeanza sioni faida ya kurundika aina saba za kimea kwenye sufuria moja, maana ukishaonja hutajua kipi kimeleta nini.

Kimea kilichosagwa kwa ajili ya bia si unga. Punje hupasuliwa tu ili kiini cheupe kiachie, na maganda yabaki makubwa makubwa, kwa kuwa ndiyo yanayozuia mchanganyiko kugandamana wakati wa kuchuja. Tafuna punje moja kabla ya kuipasua. Inavunjika kirahisi, ina utamu wa mbali, na shayiri ambayo haijaoteshwa haivunjiki hivyo hata kidogo.

Sasa nifike kwenye saa ile ambayo kwangu ndiyo bia yenyewe.

Nilipasha lita 28 za maji hadi nyuzi 70 za Selsiasi, nikatandaza mfuko wa wavu ndani ya sufuria ya lita 40, nikamimina kimea kidogo kidogo huku nikikoroga kwa mwiko mrefu kusiwe na madonge. Kimea kina ubaridi wake, kwa hiyo joto lilishuka na kutulia kwenye 67, pale pale nilipolitaka. Nikazima moto, nikafunika, nikaizungushia sufuria mablanketi mawili mazito.

Kwa nini 67? Ndani ya kimea kuna vimeng'enya viwili vinavyofanya kazi ya kukata wanga. Beta-amilasi hukata mnyororo wa wanga kuanzia ncha, ikitoa moltosi, sukari ambayo hamira huila bila shida. Yenyewe hufurahia nyuzi 60 hadi 65, na ukizidisha joto inakufa upesi. Alfa-amilasi hukata popote inapofikia, hustahimili hadi nyuzi 70 na ushee, na huacha vipande vikubwa ambavyo hamira haiviwezi. Vipande hivyo hubaki kwenye bia na kuipa uzito mdomoni. Kwa hiyo unapochagua joto la maji unachagua bia: ukishuka unapata kavu, yaani isiyo na utamu mwingi, na nyepesi, ukipanda unapata nzito. Nyuzi chache tu, na kinywaji kinakuwa kingine! Anayetumia kopo hapati nafasi ya kuchagua hilo, na kwa maoni yangu hii peke yake inatosha kumfanya mtu ahamie kwenye punje.

Nimewaza pia kwamba watu walitengeneza bia kwa maelfu ya miaka kabla ya kujua kinachotendeka humo ndani. Mwaka 1833 ndipo Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walipotenga kutoka kwenye kimea kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari, wakakiita diastasi, jina linalojumuisha amilasi hizo mbili. Hicho ndicho kimeng'enya cha kwanza kutengwa na wanasayansi.

Mimi nilitaka kuiona diastasi ikifanya kazi, kwa hiyo niliweka sahani nyeupe na kichupa cha iodini karibu na sufuria. Dakika za mwanzo nilichota kijiko kimoja. Maji yalikuwa na ukungu mweupe, na ladha yake ni ya unga mbichi. Nikadondosha tone la iodini: likageuka bluu nzito karibu na nyeusi, ishara ya wanga. Baada ya nusu saa maji yalikuwa yameng'aa kidogo, yananata vidoleni, na utamu umeingia waziwazi. Iodini ikatoa zambarau iliyofifia. Ilipokaribia saa nzima, tone lilibaki na rangi yake ya kahawia. Wanga umekwisha. Hakuna aliyetia sukari humo, ni maji ya moto na nafaka tu. (Chota maji matupu kwa kipimo hiki, kwa kuwa ganda likiingia litageuka bluu hata kama kazi imeisha, na kilichoguswa na iodini kimwage, kisirudi kwenye sufuria.)

Yaliyobaki nilikuwa nimeshayazoea. Niliinua mfuko, nikauacha uchuruzike hadi machicha yakawa mepesi, kisha nikachemsha kwa saa moja bila mfuniko, ili mvuke uondoke na zile harufu za mboga iliyochemshwa. Gramu 40 za hopsi ziliingia mwanzoni kwa ajili ya uchungu, maana uchungu wake huhitaji mchemko mrefu ili utoke, na gramu 30 katika dakika tano za mwisho kwa ajili ya harufu. Povu la kwanza linapanda kwa kasi sana, usiondoke jikoni. Kisha nikapoza kwa koili ya shaba hadi nyuzi 19, nikapima: haidromita, kifaa kinachoonyesha wingi wa sukari kwenye maji (maji matupu husoma 1.000), ilisoma 1.050. Hamira ikaingia, na kesho yake asubuhi povu zito lilikuwa limefunika juu.

Ilipotulia kwenye 1.011 na kipimo kisibadilike tena, nilijua sukari imeliwa. Hesabu inatoa kilevi cha asilimia 5 hivi. Nikatia gramu 6 za sukari kwa kila lita ili gesi ipatikane ndani ya chupa, nikafunga.

Bia hii ina kitu ambacho zile za kopo hazikuwa nacho. Ladha ya nafaka iko mbele, safi, kama ukoko wa mkate, na baada ya kumeza haiachi ule utamu wa kung'ang'ania kooni. Hopsi zinasikika vizuri zaidi kwa sababu chini yake kuna kitu cha kuzibeba.

Mara ijayo sibadilishi kimea wala hopsi. Nitashusha joto tu, nyuzi 64 badala ya 67, na muda nitauongeza kidogo kwa kuwa kwenye joto hilo wanga huchelewa kulainika. Chupa sita za hii ya kwanza nimeshazitenga kabatini, nizimimine bilauri kwa bilauri na ya pili nione tofauti ya nyuzi tatu ina ukubwa gani mdomoni.