Nilivyonyoosha mirija ya shaba ya kipasha maji cha jua

Njombe iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwenye kuishi huku hahitaji kuelezwa jinsi maji ya bombani yalivyo alfajiri ya mwezi wa Julai. Mwaka jana niliamua kutengeneza kipasha maji cha jua katika karakana yangu ndogo nyuma ya nyumba: bati la shaba lililopakwa rangi nyeusi, juu yake mirija minane ya inchi 3/8, kila mmoja wenye urefu wa mita 1.5, iliyolazwa sambamba na kushikizwa kwa lehemu ya bati, na yote hayo ndani ya sanduku la mbao lenye kioo. Useremala na lehemu havikunitisha. Kilichonishinda kwa wiki nzima ni kuinyoosha hiyo mirija, kwa sababu shaba laini ya kipimo hicho huuzwa ikiwa imeviringwa koili ya mita 15, na haina hata sehemu moja iliyonyooka.

Kunyooka huko si urembo. Joto hutoka kwenye bati na kuingia kwenye mrija pale tu viwili hivyo vinapogusana. Mrija ukiinuka hata milimita moja, hewa hukaa katikati, na hewa ni kizuizi kikubwa cha joto. Mwanya mdogo unaweza kujazwa kwa lehemu, lakini anayejua bei ya lehemu hawezi kutegemea njia hiyo kwa mirija minane mizima.

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla ya kukata chochote. Nililaza koili mezani na kuvuta ncha yake pembeni, kama mtu avutaye kamba kutoka kwenye bunda. Kipande cha mita 1.6 kilichotoka hakikuwa na mviringo mmoja tena, bali kilikuwa kimesokoteka kama springi. Nikakiweka gotini na kukinyoosha kwa vidole, sehemu baada ya sehemu, na kila nilipoondoa tumbo moja, mawimbi mawili madogo yalizuka kandokando yake. Hatimaye nikachukua nyundo ya mpira. Mawimbi yalipungua kidogo, ila mrija ulibonyea mahali patatu, na nilipougusa niliona umekuwa mgumu kuliko ulivyotoka dukani.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa shaba. Kila inapokunjwa au kupigwa, hukakamaa, na inakakamaa zaidi palepale ilipokunjwa. Ukijaribu kurudisha pindo lililokwisha kukakamaa, halikubali. Kinachokunjika ni sehemu laini iliyo jirani nalo, na hivyo unaongeza pindo badala ya kuliondoa. Dawa yake ni moto. Jioni, giza lilipoanza kuingia, nilikipitishia kile kipande kichomeo cha gesi hadi kikaonyesha wekundu hafifu, kisha nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Nilichagua jioni kwa sababu wekundu huo hauonekani juani, na mtu anaweza kuzidisha moto bila kujua. Aliyezoea chuma atahofu kwamba maji yataifanya shaba iwe ngumu; sivyo, shaba hubaki laini ipoe ghafla au polepole, na maji husaidia kubandua magamba meusi. Kipande kililainika kabisa, ila mabonyeo hayakutoka, nikakitenga kiwe cha majaribio.

Siku iliyofuata nilimwendea mzee mmoja jirani ambaye amefanya ufundi wa friji kwa miaka mingi. Baada ya shikamoo na kikombe cha chai nikamwonyesha kile kipande. Alikigeuzageuza, akasema: "Mwanangu, kopa haivutwi. Inaviringishwa kama tairi, ikitoka kwenye koili iwe imeshanyooka." Kisha akanionyesha kwa mikono mitupu, bila hata kuinuka kwenye kiti.

Nilirudi nikafagia sakafu ya saruji vizuri, maana punje moja ya mchanga hutosha kuacha alama kwenye shaba laini. Nikasimamisha koili wima, nikakanyaga ncha yake chini ya kipande cha mbao, kisha nikaisukuma koili mbele taratibu kwa mkono mmoja huku kiganja cha mkono wa pili kikiubana mrija sakafuni nyuma yake. Tofauti ilikuwa kubwa: mrija uliobaki chini ulikuwa na upinde mmoja mpana, wote ukielekea upande mmoja, bila msokoto. Nilikata vipande vinane vya mita 1.6 kwa kikatio cha gurudumu, si kwa msumeno, ili chenga zisiingie ndani, na nikaziba ncha kwa utepe.

Hatua ya pili ilikuwa kuviviringisha kati ya meza na ubao. Nilitumia ubao wa mninga uliopigwa randa, mrefu kuliko mrija, nikausukuma mbele na nyuma kwa mikono miwili huku mrija ukizunguka chini yake. Mrija unapozunguka, upinde wake hukunjwa kidogo kila upande kwa zamu, na kila mzunguko huupunguza. Mizunguko kumi hivi ilitosha; nilipozidisha kwenye kipande cha majaribio hakikupata nafuu zaidi, kilikakamaa tu.

Baada ya hapo mirija ilionekana imenyooka, mpaka nilipoiweka juu ya kile kioo nilichonunua kwa ajili ya sanduku. Kioo hakifichi kitu. Mrija uliopinda ukiviringishwa juu yake hugonga tik, tik, tik, na ukiinama usawa wa meza unaona mwanga ukipita chini yake na kufungika. Sita kati ya minane iligonga.

Basi nikaingia hatua ambayo kwangu ndiyo iliyomaliza kazi: kuivuta. Nilihesabu eneo la shaba katika mrija huo, ambao ukuta wake ni kama milimita 0.8, nikaona kwamba kuufanya uanze kurefuka kunahitaji nguvu ya kilo 150 hivi na zaidi, kwa hiyo mikono mitupu haitoshi. Nilifunga ncha moja kwenye jiliwa, ambalo mafundi wengi huliita vaisi, lililokazwa mwisho wa boriti nene; ncha ya pili niliishika kwa koleo la kujifunga lenye mnyororo, na mnyororo nikaufunga kwenye mtarimbo wa mita 1.5, sentimita 15 tu kutoka mguuni mwake. Ili jiliwa lisibonde mrija nilitaka kuingiza kipande cha nondo ya milimita 8 kila ncha, lakini tundu halifiki kipimo hicho, ikabidi nondo niipunguze kwa tupa hadi ikaingia kwa kusukumwa na kidole.

Nilivaa miwani na kusimama kando, kwa sababu koleo likiponyoka mrija hucharaza kama fimbo. Nilipouvuta mtarimbo, mwanzoni mrija ulikaza na kurudi, kisha ghafla ukaanza kukubali, polepole, kama unga uliokandwa ukivutwa. Nilikuwa nimeweka alama mezani: kutoka mita 1.6 hadi mita 1.63, yaani karibu asilimia 2, nikaacha. Unene wa mrija ulipungua kwa chini ya milimita 0.1, jambo lisilo na athari kwa kazi hii. Kisha nikakata ncha zote mbili zilizobanwa na kubaki na mita 1.5 kamili.

Mirija yote minane niliivuta, hata ile miwili ambayo haikugonga. Juu ya kioo saba ilipita kimya. Wa nane uligonga kidogo karibu na ncha, na niliuacha hivyo bila kuugusa tena kwa mkono. Niliuweka pembeni kabisa mwa bati, nikaubana kwa waya wakati wa kulehemu. Kabla ya lehemu nilipitisha karatasi ya daftari chini ya kila mrija, na katika ile saba karatasi haikupita popote.